Jino Lililobaki Wazi

Tata Mulumba, daktari wa meno ambaye wote tulimwita tata, yaani baba, alikuwa amelitoboa jino langu, akautoa mshipa uliooza ndani, akasafisha mizizi kwa maji ya Javel, yale ya kung'arishia nguo, na kuifunika kwa dawa nyeupe ya muda.

"Urudi juma lijalo, mama," aliniambia. "Mizizi ni mitatu, na yote bado inanuka."

Siku hiyo alinichekesha pia. Eti huko Ulaya wameanza kujaribu mwanga, laser, unaoua uchafu kwenye kona za mzizi ambako sindano yake haifiki. Nikamuuliza kama mwanga huo unaondoa na dhambi.

"Hiyo utauliza padri. Mi niko wa meno tu."

Juma lilipofika nilikuta kufuli kwenye mlango wake hospitalini. Vijana walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakiwatoa watu wenye asili ya mkoa wa Kasai. Tata Mulumba alizaliwa hapa hapa Kolwezi; ni baba yake aliyeletwa kuchimba shaba. Lakini waliuliza jina tu, na jina la Kikasai lilitosha. Sasa alikuwa kituoni na wenzake, wakingoja treni ya kuwapeleka kwao, kwao ambako wengi hawajawahi kufika.

Nilivumilia. Dawa ya muda ikadondoka, shavu likavimba mpaka jicho likaanza kufumba. Katika sala nilikuwa nikiwaombea waliofukuzwa, na katikati ya maneno nikajisikia ninaomba treni ichelewe, tata Mulumba animalizie jino. Nikairudisha rozari mfukoni. Sikuweza kuendelea.

Asubuhi nilichukua chupa ya Javel, pamba, na termosi ya maji yaliyochemka, nikajifunika kitenge mpaka puani. Sikutaka majirani wanione nikienda kituoni. Wala sikutaka watu wa kituoni wajue ninatoka kwa majirani gani.

Walikuwa wamejibanza kando ya reli chini ya mashuka na vipande vya mabati. Tata Mulumba alikaa juu ya godoro lililofungwa kamba. Mkewe, Ngalula, alikuwa akisonga bukari, ugali wetu. Akanitazama, akaitazama termosi.

"Unatuletea chai, mama Adolphine?"

Nikafunua shavu.

"Ee Mungu wangu!" Akacheka bila furaha. "Batoto benu banatufukuza, na meno yenu inatufuata mpaka ku gare ya treni!"

"Ngalula," mumewe alisema.

"Acha niseme! Nyumba wamechukua. Na mikono yako pia wachukue?"

"Uko na haki, mama," nikasema. "Nirudi?"

Nilisema hivyo, na miguu yangu haikusogea. Ngalula aliona.

Tata Mulumba akatoa kisanduku cha sabuni. Ndani mlikuwa na sindano zake nyembamba zenye meno. "Wengine walikimbia na masufuria," alisema, "mi na hizi." Ngalula akamsonya, lakini akanipisha nikae, kisha akashika kitenge changu kunikinga na vumbi.

Tata Mulumba akanipangia pamba pande zote mbili za jino. "Mate yakiingia, uchafu umerudi, kazi yote bure. Usifunge kinywa, usiseme. Hata Salamu Maria, useme moyoni."

Akakwangua, akatia Javel, akakausha, akainusa pamba. Mzizi wa kwanza ulikuwa safi. Wa pili ukawa safi. Alikuwa ameshika sindano ya wa tatu vijana walipofika na fimbo. Mbele yao alikuwa Kisimba, anayeimba besi katika kwaya yetu.

"Mama Adolphine! Juu ya nini unajichafua na hawa bilulu?" Wadudu, ndivyo walivyowaita. "Huyu amekulazimisha?" Na fimbo ikainuka juu ya kichwa cha tata Mulumba.

Kinywa changu kilikuwa kimejaa pamba. Nilishukuru. Mwenye pamba kinywani haulizwi kwa nini amenyamaza. Nikamtazama Ngalula, na yeye alikuwa ameshageuza uso, kama mtu ambaye jibu langu analijua tayari.

Nikachomoa pamba.

"Mi ndiye nilikuja, Kisimba. Mi nilimwomba. Shusha fimbo."

"Juu ya jino tu, mama?"

"Juu ya jino."

Wakacheka. "Jino la mama wa kanisa linapenda Kasai!" Kisimba akashusha fimbo, akaipiga teke chupa ya Javel, ikamwagika yote. Wakasogea mbele kidogo, wakapindua sufuria ya familia nyingine. Mimi kwa sufuria hiyo sikusema neno.

Tata Mulumba akachungulia kinywani mwangu. Mate na damu vilikuwa vimejaa mle alimosafisha. Akafuta sindano zake moja moja, akafunga kisanduku.

"Litang'olewa. Uwaambie wavute polepole, limekuwa dhaifu, litavunjika."

Treni ikapiga honi, watu wote wakasimama kwa pamoja. Nilikuwa natafuta namna ya kumwomba msamaha, kwa ajili ya Kisimba, kwa ajili ya nyumba yake, kwa ajili ya sala ile. Kabla sijapata pa kuanzia, yeye alijitwika godoro, akanigeukia.

"Unisamehe, mama. Sikumaliza kazi yako."

Na mimi, kwa mazoea ya miaka yote ya kanisani, nikajibu:

"Nimekusamehe, tata."

Ngalula alisikia. Alinitazama sana, kisha akainama kubeba mizigo yake.