Kope Zake Mwenyewe

Pale saluni walimwita Kope, na lilikuwa jina la sifa. Kwa miaka mitano kila aliyetaka macho ya kusimamisha watu njiani aliletwa kwake: mabibi harusi, wahitimu wa vyuo, hata mtangazaji mmoja wa redio ambaye kazini kwake hakuna anayemwona. Alikuwa na mkono mwepesi. Aliweza kupanga kope za bandia moja baada ya nyingine huku mteja anakoroma.

Saluni ilikuwa na sheria moja, kwamba kila fundi avae anachouza. Fundi wa kucha alifuga kucha ndefu hadi simu akawa anaibonyeza kwa kifundo cha kidole. Msusi alibadili msuko kila Jumatatu. Naye Kope alikalia kiti cha dirishani, macho yake yamebeba mapazia mawili mazito, ili wapita njia wajionee. Kile kiti hakupewa kwa hisani. Alianza kwa kufagia nywele.

Kisha gundi ikamgeuka. Macho yalianza kumwasha, yakafuatia machozi yasiyo na msiba, na asubuhi moja alipozibandua zile za bandia, za kwake zilikuja nazo, safu nzima, kama nyasi zilizong'olewa na udongo wake.

"Umekuwa kama yai la kuchemsha," mama yake alisema. Mama alikuwa mshonaji wa nguo na hakuwahi kujifunza kufariji watu. Lakini siku hiyo hiyo alifunga cherehani akampeleka kwa daktari wa ngozi.

Daktari alimkagua kwa kioo cha kukuza, akauliza kama ana ugonjwa wowote wa macho, kama ana mimba, kama kuna dawa nyingine anayotumia. Halafu akaandika.

"La kwanza, gundi basi," alisema. "La pili, dawa hii. Ilianza kama matone ya presha ya macho. Wagonjwa wakawa wanarudi na kope ndefu, wenyewe wanashangaa. Sasa tunaiandika kwa ajili ya kope pia. Tone moja kila jioni, kwa brashi mpya, kwenye mashina ya kope za juu tu. Ikimwagika, futa, maana itaotesha nywele popote itakapozoea kugusa. Jicho likiwa jekundu au likibadilika, rudi kwangu."

"Itachukua muda gani?"

"Miezi miwili uanze kuona kitu. Minne, uone vizuri. Na chupa hii ni yako peke yako. Usimpe dada, usimpe rafiki. Kila jicho lina mambo yake."

"Bosi wangu hatangoja miezi minne."

Daktari alifunika kalamu yake. "Jicho ni la bosi?"

Bosi wao waliyemwita Madamu hakuwa mtu mbaya. Aliijenga saluni ile kuanzia kiti kimoja na ndoo, na aliogopa ndoo kuliko kitu chochote. Alimtazama Kope usoni, kisha akatazama dirisha.

"Kinyozi hajinyoi, hilo nalijua," alisema. "Lakini asitembee na mapunye. Bandika hata kope za utepe, zile za kuvaa na kuvua, siku za wikendi tu."

"Daktari amekataa gundi ya aina yoyote, Madamu."

"Basi nenda ukafue taulo, mpaka macho yako yapate adabu."

Kope alienda kufua taulo. Kiti cha dirishani akapewa binti mgeni ambaye mkono wake ulikuwa bado unatetemeka. Kule nyuma hakukuwa na kioo, kulikuwa na karai, sabuni ya unga na kamba ya kuanikia. Fundi wa kucha alikuwa akimletea chai, pamoja na ushauri ambao hakuuomba.

"Mwenzangu, si ubandike kidogo tu? Nani atajua?"

"Ngozi yangu itajua."

"Ngozi haisemi."

"Yangu imeshasema. Mimi ndiye niliyechelewa kusikia."

Kila jioni alikaa kitandani, mama ameshika kioo, akapitisha brashi kwenye mashina ya kope kwa uvumilivu. Wiki za mwanzo mkono ulimcheza, dawa ikawa inateremkia shavuni naye anasahau kuifuta. Ilipofika wiki ya saba, vinyweleo vitatu viliota pale shavuni wakati machoni bado kweupe.

"Ukiendelea hivi utatangulia kuota ndevu," mama alisema. "Tutakuoza kama bwana harusi."

Kope alicheka mpaka kioo kikatikisika. Toka siku hiyo alifuta.

Wiki ya kumi, asubuhi, mama aliinua macho kutoka kwenye pindo la gauni. "Hebu geuka upande wa dirisha. Mwanangu, zinatoa kivuli."

Zilikuwa fupi bado, lakini zilikuwa nyeusi, zimesimama, na hazikuwa na deni kwa gundi ya mtu. Kope alizigusa kwa ncha ya kidole kama mtu anayehakikisha kwamba mtoto kweli amelala.

Madamu naye aliziona, siku hiyo hiyo. Alimwita mbele na kumwonyesha kiti chake. Kando ya kiti, kwenye rafu, zilipangwa chupa ndogo za mafuta, na kila chupa ilikuwa na picha ya jicho. Kope alilitambua lile jicho. Lilikuwa lake, la enzi za bandia.

"Nimeyaagiza mengi," Madamu alisema. "Wewe kaa tu. Wakikuuliza zimeotaje, ni mafuta yetu. Wiki mbili tu."

"Ni dawa ya daktari, Madamu. Na ni wiki kumi."

"Mafuta nayo ni dawa. Bibi zetu walipaka nini?"

"Bibi zetu hawakubandika gundi."

Madamu alishusha pumzi. Hakupandisha sauti, hakuwa na haja. "Nakupenda kama mwanangu, ndiyo maana nakwambia mapema. Jumamosi ukae hapa na haya mafuta. Usipoweza, usije."

Nyumbani Kope alimsimulia mama, akitegemea hasira. Mama aliendelea kutoa sindano na kuiingiza.

"Kiti ni kiti," alisema hatimaye. "Uongo kidogo wa kazini haujamuua mtu. Mimi nimewaambia wangapi kwamba gauni limewakaa?"

"Gauni haling'oi kope, mama."

"Ndiyo, haling'oi." Mama alikata uzi kwa meno. "Lakini ukipoteza kiti hiki, bosi mwingine ataupata wapi uvumilivu wa kukaa na wewe? Nakuuliza tu. Siyo kwamba nakukataza."

Kope aliokota vipande vya uzi sakafuni. Kuna jambo hakuwa amemwambia mama yake. Zamani pale saluni kila mteja mpya alipakwa tone la gundi nyuma ya sikio na kuambiwa arudi kesho, ili waone kwanza kama ngozi inakubali. Madamu aliondoa utaratibu huo kwa sababu mteja anayeambiwa asubiri huenda kusubiria saluni ya jirani. Mafundi waliulizwa maoni yao. Kope, mwenye kiti cha dirishani, alisema sawa.

Jumamosi alikwenda. Alivaa aproni safi akakaa dirishani, chupa za mafuta kando ya bega lake la kushoto kama mashahidi wa uongo. Benchi lilijaa mapema. Wa kwanza kuitwa alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mama mpole mwenye miwani ya jua ambayo hakuivua mpaka alipokaa.

Macho yalikuwa yamevimba kana kwamba nyuki walikuwa wameandaa mkutano juu yake. Nusu ya kope za bandia bado ziling'ang'ania, zimepinda huku na kule.

"Nilibandikwa hapa hapa wiki iliyopita," mwalimu alisema, kama anayeomba radhi. "Wanafunzi wananiuliza nani kanipiga. Nimesikia una mafuta. Nataka kama yako."

Madamu alikuwa kaunta, anatabasamu, mkono tayari juu ya chupa.

Kope alitazama yale macho. Alijua usiku wake ulivyo, alijua namna mto unavyochoma. Alijua pia kwamba tone moja nyuma ya sikio lingemwokoa mwalimu huyu.

"Mwalimu, haya mafuta sijayapaka hata siku moja," alisema.

Benchi zima liligeuza shingo.

"Anatania huyo," Madamu alisema.

"Sitanii. Zangu ziling'oka kwa gundi hii hii. Hizi unazoziona ni dawa niliyoandikiwa na daktari, tone moja kila jioni, wiki ya kumi sasa. Na nikiiacha zitarudi zilivyokuwa. Tulitakiwa tukupime kwanza, tukaacha. Mimi mwenyewe nilikubali tuache. Kwa hilo nisamehe."

Mwalimu alitazama chupa za rafuni. "Niinunue basi hiyo ya daktari?"

"Hapana. Hainunuliwi kama pipi. Ukitoka hapa nenda ukamwonyeshe macho yako leo leo, yeye ndiye aamue. Sasa acha nikutoe hizi."

"Hutamgusa mteja wangu," Madamu alisema. Alitembea mpaka kwenye taa ya duara iliyokuwa juu ya kiti, akaizima. "Kiti kina wenyewe. Vua hiyo aproni."

Kope aliivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya rafu mbele ya zile chupa. Kibano, pamba na krimu ya kuyeyushia gundi vilikuwa vyake. Alivitia kwenye kikapu. Kisha akachukua kigoda cha msusi kwa mkono mmoja na mkono wa mwalimu kwa mwingine.

"Twende kwenye mwanga," alimwambia.

"Kigoda changu hicho," msusi alisema.

"Nitakirudisha."

"Sijasema ukirudishe haraka."

Walikaa nje, penye njia ya watu, mlango wa saluni nyuma yao. Jua lilikuwa limewaka barabara, na hakuna taa iliyowahi kuonyesha mizizi ya kope vizuri namna ile. Ndani, mama mmoja wa benchi alinunua mafuta, akisema mafuta hayajawahi kumdhuru mtu. Wengine wawili walisogea mlangoni kutazama. Wapita njia walipunguza mwendo.

"Watu wanatuangalia," mwalimu alinong'ona, macho amefumba.

"Waangalie. Kichwa juu kidogo."

Kope alilowesha pamba, akaibonyeza taratibu, akangoja gundi ilegee kabla hajaleta kibano. Ya kwanza ilitoka peke yake. Chini yake, kwenye ngozi nyekundu, ukope wa mwalimu mwenyewe ulikuwa umebaki umesimama.

"Imeuma?"

"Hapana."

"Huu ni wako," Kope alisema. "Huu siutoi ng'o." Akahamia ya bandia iliyofuata.