Kutu ya Boadu

Mwanangu Afriyie alimpa baba yake kiwanda cha magari, na baba yake akanuna wiki nzima.

Kiwanda chenyewe kilikuwa ndani ya simu. Afriyie hutengeneza michezo ya kompyuta hapa Kumasi, na huu mpya ni wa biashara. Kila mchezaji anapewa kiwanda, anachagua unene wa bati, anaamua apake rangi ya kuzuia kutu mara ngapi, anapanga bei, halafu anapambana na wenzake. Viwanda vingine havina mchezaji, mchezo wenyewe unaviendesha. Kimojawapo ndicho alichokibandika jina la baba yake, Boadu, kwa heshima, maana mzee ni fundi wa kunyoosha bodi za magari pale Suame, mtaa wa magereji, na anajulikana mpaka Techiman.

Heshima gani ile! Mchezo ulikuwa bahili kuliko mtu. Kiwanda cha Boadu kikawa kinatoa magari ya bei poa yenye bati jembamba, mvua ikinyesha kidogo tu milango inatoboka. Wachezaji wakacheka, na mji huu ukishapata kitu cha kucheka haukiachii. Vijana wa gereji za jirani wakaanza kuita kila kilichooza Boadu. Ndoo imetoboka? Boadu. Jino limeliwa? Boadu. Siku moja mteja wake wa kweli, mwenye basi la Sunyani, akamuuliza kwa upole kabisa kama yeye ndiye yule Boadu wa kutu. Agya, yaani baba, ndivyo tunavyomwita nyumbani, akarudi akasukuma bakuli la fufu bila kuligusa. Nikajua mambo yameharibika, kwa sababu mume wangu hakususa fufu hata siku aliyong'olewa jino.

"Afriyie! Njoo hapa. Ondoa kutu kwenye magari yangu."

"Siwezi, Agya. Hesabu ya kutu ni moja kwa viwanda vyote. Nikikupendelea, wachezaji watanimeza mzimamzima."

"Kwani mimi nani kwako?"

"Baba yangu. Lakini mvua haijui hilo. Basi ngoja, nalifuta jina leo hii, naweka lingine."

"Ulifute?" Agya akasimama. "Ulifute ili waseme kutu imekula mpaka kibao? Thubutu! Nipe hicho kiwanda nikiendeshe mwenyewe."

Akapewa. Shida ni vidole. Vidole vilivyoshika nyundo maisha yote vikigusa kioo cha simu vinagusa vitu vitatu kwa pamoja. Agizo lake la kwanza alitaka kununua bati, akauza jengo la ofisi. Ndipo mimi, Dufie, muuza vitenge wa soko la Kejetia, nikawa vidole vyake. Nikiwa nampimia mteja kitambaa, simu inalia, na sauti inatoka huko Suame katikati ya makelele ya nyundo.

"Mama Afriyie! Ongeza bati! Nene!"

"Nimeongeza jana."

"Ongeza tena! Na rangi ya chini, piga, ikauke, piga tena!"

Wauzaji wenzangu walidhani tunatengeneza kifaru cha vita.

"Agya, gari limekuwa zito. Petroli linavyokunywa, afadhali mtu apande basi."

"Liache linywe. Linaoza?"

"Haliozi."

"Basi! Uza!"

Hakuna aliyenunua. Kwenye mchezo kila kiwanda kina alama ya jina, na alama ya Boadu ililala chini kabisa pale pale ilipokuwa. Mume wangu alikuwa ananiita mara kwa mara kuuliza kama imepanda. Sauti ya kuuliza ilikuwa inazidi kuwa ndogo, na mimi, pamoja na ukali wangu wote, nilimwonea huruma.

Huruma ilikuwa na mpaka wake, na mpaka wenyewe ni pikapu yetu. Mume wangu ananyoosha magari ya watu mpaka wenyewe hawayatambui, lakini yake mlango umefungwa kwa kamba. Upande wangu sakafu imeliwa, ameweka ubao, na ubao ukiteleza naiona barabara ikipita chini ya miguu yangu. Ukimwambia, anasema wiki ijayo. Tulipomzika mama yangu kule Mampong aliificha pikapu nyuma ya shule, tukatembea juani na nguo zetu za msiba. Kaka yangu Opoku, ambaye mdomo wake haujui msiba wala harusi, aliigundua tu. Akaita watu waje waone. "Shemeji," akasema, "hili gari umekuja nalo, au limesombwa na mvua?" Watu walicheka, jeneza la mama yangu likiwa bado halijaingia kaburini. Niliona aibu, nikamwambia Agya wazi kwamba nimeona aibu, naye akasema wiki ijayo.

Sasa Jumamosi iliyokuwa inakuja ndiyo kumbukumbu ya mwaka mmoja ya mama. Nilikuwa nimeshatangaza kwamba nitakwenda kwa basi.

Alhamisi mchana Afriyie alikuja kula. Hata hajanawa mikono, baba yake akamdaka.

"Gari langu haliozi. Mbona jina bado limeoza? Umefanya ujanja gani humo ndani?"

"Hakuna ujanja, Agya. Gari jipya watu hawaliamini. Wanaangalia yale uliyouza zamani yamekuwaje."

"Wanayaangalia wapi? Nani ana muda wa kuzunguka anatazama magari makuukuu?"

"Msibani," akasema Afriyie. "Kwenye gemu yangu kila Jumamosi kuna misiba. Watu wanatoka Accra, wanatoka Takoradi, kila mtu na gari lake, wanayapanga mstari mmoja. Wenyeji wanapita wanatazama nani kaja na nini, na limeoza wapi. Jioni ndiyo jina linapanda au linashuka. Na yale magari mabovu ya Boadu bado yapo barabarani, Agya. Yanahudhuria kila msiba."

Nilipiga makofi kwa kicheko. Nani kwetu anakwenda msibani kulia tu? Lakini Agya hakucheka.

"Hilo wazo umelitoa wapi?"

Afriyie akanitazama. Mimi nikatazama mchuzi.

"Mampong," akasema polepole. "Siku ya kumzika bibi, Nana."

Agya akawa anasugua kiganja kwa kidole gumba, kama anavyosugua bati akitafuta bonde lililofichika.

"Na hesabu ya kutu? Nayo umeitoa Mampong?"

"Nilihitaji gari moja ninalolijua tangu likiwa zima. Nalijua moja tu, Agya. Nimelipanda kwenda shule miaka yote. Nakumbuka kutu ilipoanza chini ya mlango, nakumbuka ilivyohamia sakafuni. Nikaingiza hivyo hivyo nilivyoiona."

"Kwa hiyo watu wote hao wanaocheza..."

"Wanacheza na pikapu yetu."

Nilishika bakuli langu, nikidhani meza itapinduliwa. Haikupinduliwa. Agya alikaa pale ameshusha mabega, na kwa mara ya kwanza nilimwona amesikia kweli. Kisha akanigeukia.

"Mama Afriyie, chukua simu. Yale magari ya zamani tuyarudishe gereji, tuyatengeneze. Bonyeza."

"Nibonyeze wapi? Hakuna kitufe cha kutengeneza."

"Kipo tu. Tafuta."

"Hakipo, Agya," akasema Afriyie. "Gari likifika mwisho wake linakufa."

"Linakufa?" Safari hii alisimama. "Lini uliona gari limekufa Suame? Wewe umelala kwenye viti vya magari ya wateja wangu ukiwa mchanga. Umejifunza kuhesabu kwa kuhesabu misumari yangu. Halafu unatengeneza mchezo mzima wa magari hauna fundi hata mmoja?"

Machozi yakamjaa Afriyie. Mtoto wangu halii ovyo.

"Nilisahau," akasema. "Nyundo yako naisikia kila siku, nikaisahau. Nisamehe, Agya."

Hasira ilikuwa imemwishia baba yake, niliona.

"Kula kwanza," akasema. "Hata mimi nina gari nililolisahau."

Ijumaa hakupokea mteja. Aliiingiza pikapu gerejini mwenyewe, akafungua ile kamba ya mlango na kuitupa mbali. Niliwapelekea chakula nikamkuta Afriyie amekaa juu ya pipa, kompyuta mapajani, anauliza na kuandika huku cheche zinaruka.

"Unaanza na nini, Agya?"

"Unakata palipooza mpaka ufike kwenye bati zima. Usionee huruma."

"Na mtu akipaka tu puti juu ya kutu?" Puti ni ile dawa nyeupe ya kuzibia mashimo, ikisuguliwa na kupakwa rangi huwezi kujua kitu.

"Gari linang'aa vizuri sana," akasema Agya. "Mpaka msiba wa pili."

Afriyie akacheka, akaandika na hilo.

Jumamosi nilivaa nguo yangu ya kumbukumbu, nyeusi na nyeupe, nikasimama mlangoni na mkoba wa safari ya basi. Pikapu ikaja mbele yangu. Niliingia, nikakanyaga sakafu kwa kisigino. Nikakanyaga tena kwa nguvu. Ilinijibu kwa sauti ya chuma.

"Umeridhika?" akauliza.

"Endesha."

Mampong, hakukata kona ya shule. Alinyoosha mpaka mbele, akaegesha kwenye mstari, ubavuni mwa gari la Opoku lililokuwa linang'aa kuliko bibi harusi. Moyo ulinienda mbio kana kwamba ni mimi niliyepiga nyundo. Opoku alikuja mbio, na nyuma yake wapwa na mabinamu, wote wanaocheza ule mchezo, wote tayari kucheka.

Alizunguka pikapu. Akakunja kidole, akaanza kugonga mlango kutoka juu kwenda chini, sikio karibu, akitafuta puti. Kila alipogonga palilia chuma. Akagonga kingo, akainama akagonga na chini ya mlango, pale pale Afriyie aliposema kutu ilianzia. Chuma. Akanyanyuka akipangusa magoti.

"Boadu," akasema, akangoja watu wacheke.

Hakuna aliyecheka.

"Naam, shemeji," Agya akaitika.

Kisha, bila haraka, mume wangu akakunja kidole chake kile kinene na kugonga mlango wa gari la Opoku. Ulitoa mlio wa kugonga ukuta wa udongo, mstari mzima ukausikia. Mmoja wa mabinamu aliziba mdomo kwa kitenge.

"Jumatatu upo gereji?" Opoku akauliza kwa sauti ya chini.

"Nipo. Wahi mapema, watakuwa wengi."

Tulipokaa kula, Afriyie alileta simu. Kiwanda cha Boadu kilikuwa kimepata kitufe kipya, na viwanda vya wengine vyote vilikuwa nacho. Mchezaji akitaka kurudisha magari yake ya zamani gereji ili kuokoa jina lake, anabonyeza hapo. Kitufe chenyewe kimeandikwa Boadu.

Nilinyoosha kidole nibonyeze. Agya akanizuia mkono. Macho yake yalikuwa mekundu, na hapakuwa na moshi.

"Hicho nabonyeza mwenyewe."

Akabonyeza. Magari yote mabovu yakaanza kurudi, moja baada ya jingine, na jengo la ofisi likauzwa tena.