Maharage Yaliyokataa Kuiva

Gwantwa alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ungo mapajani, akichambua maharage, gari jeupe lilipoingia uani na kukanyaga kahawa iliyoanikwa pembeni. Wakashuka wanaume wawili wenye viatu safi. Kijijini Isansa, msimu wa vumbi, mtu mwenye viatu safi hajaja kununua mahindi.

Hakuuliza wamemfuata nani. Mumewe, Kapteni Ezron, alistaafu jeshi akiwa na pensheni na mdomo. Pensheni ikaisha, mdomo ukabaki. Kila Jumamosi alikwenda Tunduma kuchambua masuala ya usalama redioni, yaani kuwaeleza watu waogope nini, na madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpaka walimsikiliza na kumshukuru. Baadaye akajitosa kugombea ubunge. Hayo yote yangeweza kusameheka. Lakini Jumamosi iliyopita alisema kwamba wale makuruta waliotangazwa kufa kwa homa mazoezini hawakufa kwa homa. Walikufa kwa kiu, kwa sababu lori lao la maji lilipelekwa kumwagilia zege la hoteli ya mkubwa mmoja. Na mkubwa akamtaja kwa jina. Gwantwa aliyasikia akiwa anamenya ndizi, akazima redio haraka, kana kwamba ukizima ya kwako na za wenzako zinazimika.

Sasa alifanya alichoweza. Akamimina maharage chunguni, akatia maji, akasukuma kuni, ndipo akatoka na kupiga goti.

"Karibuni, baba zangu. Mmekuta chungu kipo jikoni."

Mkubwa wao, Osea, mtu wa kitambi cha heshima, akautazama moshi unaotoka kwenye paa la jiko. Mama yake alikuwa Mnyiha wa hapohapo Mbozi, na alimlea akijua kwamba ukikuta chungu jikoni ukaondoka bila kula, umemwita mwenye nyumba mchawi.

"Tumekuja kumchukua mzee," alisema. "Lakini tutakula kwanza."

"Afande, si tungekula huko mbele?" akauliza mwenzake, kijana aitwaye Nikodemo.

"Kaa chini. Kwenu hamkufundishwa?"

Kapteni alitoka ndani ameshavaa koti na soksi pea mbili, maana alijua sakafu za mahabusu zilivyo. Akakaa nao kwenye benchi, wakazungumzia bei ya mbolea.

Maharage yenyewe yalikuwa kablanketi, ambayo hata bibi harusi asiyejua kupika huyaivisha kabla mawifi hawajaanza kumsema. Jioni Gwantwa akafunua chungu. Maji yalikuwa yamekauka na maharage magumu kama risasi. Akaongeza maji. Alipogeuka kuchukua kuni akasikia chungu kikigugumia, kama ng'ombe waliotoka mbali. Akafunua. Kikavu.

Asubuhi simu ya Osea ikaita.

"Mmempata?"

"Yupo hapa nami, mkuu. Tunasubiri maharage."

"Aina gani?"

"Kablanketi."

"Hayo si huiva upesi?"

"Ndiyo, mkuu."

"Haya. Mkishakula nijulishe."

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Wale wanaume walifua mashati yao wakayaanika kwenye mikahawa. Nikodemo alitengeneza banda la mbuzi lililokuwa limelala upande. Kapteni aliendelea na kampeni palepale kwenye benchi, katikati ya waliokuja kumkamata, na wapiga kura walipofika waliwapa mkono wote watatu bila kubagua. Gwantwa peke yake ndiye aliyekonda. Kifuniko kikitikisika, roho inamruka. Kila alipofunua chungu alitia punje moja kinywani, akaiuma, na ikigoma alimshukuru Mungu. Wanawake wengine Mbozi nzima waliomba mvua. Yeye aliomba chakula chake kisiive.

Jioni moja aliingia jikoni na ndoo akawakuta. Vijana wamejaa, wameegemea ukuta, sare zimepauka, midomo imepasuka kama tope la Rukwa wakati wa kiangazi. Walikuwa wakipokezana kifuniko cha chungu, wanachota maji yanayochemka, wanakunywa bila kuungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu." Gwantwa akawapisha, akamimina ndoo.

"Utusamehe kwa kukumalizia maji," akasema mmoja.

Nikodemo alikuwa mlangoni amebeba kuni. Akamkodolea macho yule msemaji. "We Gwalugano! Si walisema ni homa?"

"Walisema," Gwalugano akajibu, akaendelea kunywa.

Nikodemo akaziweka kuni chini taratibu, akaenda kukaa garini na kupandisha vioo. Osea yeye alichungulia, akavua kofia, akarudi kwenye benchi. Mambo ya jikoni hayakuwa sehemu ya kazi aliyotumwa.

Gwantwa hakuogopa wafu. Kilichomtia baridi ni kingine. Aliona kwamba kijana akishakata kiu hujifuta mdomo, hutokomea nyuma kwenye migomba, na kesho yake harudi. Kila jioni walipungua. Siku yule wa mwisho atakaporidhika, maji yatabaki chunguni, na maji yakibaki, maharage yataiva.

Kesho yake akaficha ndoo zote kihengeni, chini ya magunia, akatangaza kwamba kisima kimekauka. Kufika mchana chungu kikaanza kunuka kuungua. Ukutani vijana wachache waliobaki walilamba midomo tu, na sauti yake ilikuwa kama mtu anayekunja karatasi.

Kapteni akainuka kwenye benchi, akaingia kihengeni, akatoka na ndoo.

"Baba Imelda," Gwantwa akamshika koti, "hayo maji unayokwenda kuchota ni ya kuoshea maiti yako mwenyewe."

"Najua."

"Waache na kiu kidogo tu. Mpaka uchaguzi upite."

"Hivyo hivyo ndivyo walivyosema siku ile, Mama Imelda. Kidogo tu, mpaka zege likauke."

Akaenda. Gwantwa akabaki amesimama, akamtukana kimoyomoyo, yeye na ukoo wake na siku aliyotoka kwao Itumba kuja kuolewa na mtu mwenye msimamo. Halafu akachukua ndoo nyingine akamfuata, maana mgongo wa mzee ulikuwa mbovu.

Gwalugano alikuwa wa mwisho. Alikunywa mpaka akacheua, akajifuta kwa mkono wa sare, akapiga saluti. Kapteni akairudisha. Kijana akapotelea migombani, na chungu kikaanza kutokota kwa sauti ya kawaida, kama chungu cha mtu yeyote. Harufu ikatoka mpaka uani.

"Naona tayari," akasema Osea.

"Bado chumvi," akasema Gwantwa. "Na chumvi imeniishia."

Osea akatikisa kichwa kwa adabu. Alikuwa tayari kusubiri chumvi nayo. Lakini jirani, Tabita, mwanamke mwema asiye na kasoro nyingine, akapitisha bakuli juu ya ua. "Chumvi hii hapa, ya Ivuna! Utawalishaje wageni chukuchuku, Mama Imelda, ukitutia aibu kijiji kizima?"

Wakala na ugali. Kapteni alikula vizuri, Osea akaongezewa, Nikodemo alikula akiangalia ukuta mtupu. Gwantwa akawanawisha mikono polepole, tone kwa tone, mpaka jagi likaisha. Osea akapiga simu, akasema maneno mawili tu. Kapteni akapanda gari nyuma, katikati.

"Asante kwa chakula, mama," akasema Osea, na hakuwa anadhihaki. "Muda mrefu sijala maharage kama haya."

Kote Gwantwa alikokwenda kumuulizia mumewe, aliambiwa mtu huyo hawamjui, labda amevuka mpaka kwenda Nakonde kutafuta maisha. Kura zikapigwa, akashinda mbunge aliyekuwepo. Hoteli ya yule mkubwa ikafunguliwa kwa ngoma. Ina bwawa la kuogelea, na wanaoogelea wanasifu jinsi maji yanavyobadilishwa kila siku.

Isansa siku hizi gari jeupe likionekana bondeni, wanawake hukimbilia kubandika maharage, hata wale ambao waume zao hawajawahi kusema neno. Gari huja likasimama. Watu hushuka wakichokonoa meno.

"Asante, mama," husema, kwa heshima zote. "Tumeshakula."