Alama Saba za Picha

Kwenye ubao wa wodi, wagonjwa wa nimonia ya virusi walipangwa kwa alama za picha ya mapafu. Ishirini na tano ndiyo mbaya kupita zote. Mkasi, fundi cherehani aliyebandikwa jina hilo kwa ukali wa ulimi, alikuwa na saba. Kwa hiyo alilazwa mlangoni, na mtungi mdogo wa oksijeni, lita tano kwa dakika. Mashine za kusukuma hewa kwa nguvu zilikuwa za wenye kumi na tano kwenda juu. Ndivyo alivyoagiza daktari mkuu.

Lakini picha ile ilipigwa siku Mkasi alipoingia kwa miguu yake mwenyewe. Leo ilikuwa siku ya sita, na kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kilisoma themanini na nne, wakati mtu mzima wa afya husoma tisini na tano kwenda juu.

"Sista, maji yamezidi unga. Huyu hapumui," mumewe akamwambia muuguzi.

"Naona, shemeji. Ila ubaoni ana saba."

"Kwani mapafu yanasoma ubao?"

"Picha mpya mpaka mkuu asaini. Yuko mkutanoni."

Mkasi akasema kwa vipande, "Mwache... dada wa watu. Kosa lake... kuajiriwa."

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mitungi ya oksijeni aliijua kama kiganja chake. Sista alipogeuka, akaizungusha valvu mpaka lita kumi. Baada ya dakika chache kifaa kikasoma tisini na mbili. Midomo ya Mkasi ikarudiwa na rangi.

"Kumbe hewa nayo ina wenyewe," akasema. "Usinichomelee pua tu, baba."

Sista aliporudi, mume hakumficha. "Nimeifungua mimi. Andika lita kumi."

"Unataka nifukuzwe kazi, shemeji? Nani kakuruhusu?"

Sista akaandika tisini na mbili. Kwenye lita akaandika tano, kama ilivyoagizwa, na valvu asiiguse.

Saa nane mchana daktari mkuu akapita, macho kwenye fomu. "Tisini na mbili kwa lita tano. Huyu anaendelea vizuri. Abaki hapa."

"Si tano, daktari. Ni kumi."

"Fomu inasema tano. Wewe nani?"

"Mumewe."

"Basi kasubiri nje, kama waume wengine."

Sista alitazama viatu vyake.

Mtungi uliopigiwa hesabu ya kufika jioni kwa lita tano ulikauka saa tisa na nusu. Mwenye ufunguo wa stoo alikuwa ametoka, kwa kuwa hakuna aliyetarajia kumhitaji mapema hivyo. Alipopatikana, ilikuwa imepita nusu saa, na Mkasi alikuwa amekwisha kufunikwa shuka.

"Pole sana, mzee," daktari mkuu akasema. "Hata sisi tumeshangaa. Picha yake ilikuwa nyepesi."

"Basi kaeni na picha yenu. Mimi nipeni mke wangu nikamzike."

Aliwalaani wote, kuanzia mkuu mpaka mwenye ufunguo, kwa sauti iliyofika koridoni. Mkono ulioizungusha valvu alikuwa ameusokomeza mfukoni, na hata alipopewa karatasi ya kusaini, alisaini kwa ule mwingine.