Nyumba Iliyoupa Mtaa Mgongo

Nyumba ya Bibi Ardis Halvorsen ilikuwa fupi kwenda juu lakini ndefu kwenda pembeni, imelala chini kama mtu aliyejinyoosha baada ya kushiba. Ukiitazama kutoka barabarani huoni ila ukuta wa matofali ya rangi ya tangawizi, mlango mmoja mwembamba wa bluu, na banda la gari lenye nguzo za chuma. Dirisha hakuna hata moja. Wapita njia walidhani ni zahanati ya meno iliyofungwa. Jirani yake, mzee Lyle Kubiak, ambaye siku haimwendei vizuri asipomtania, aliiita kiwanda cha jibini.

Uzuri wote ulikuwa nyuma. Huko ukuta ulikuwa kioo kitupu, kutoka sakafuni hadi darini, na boriti nyekundu za paa zilitokeza nje kama vidole. Siku za baridi kali, theluji ikiwa imefika magotini, jua lilikuwa likiingia kwa kioo kile likitambaa sakafuni hadi kwenye mawe ya meko. Aliyeichora alikuwa bwana mmoja mwembamba, tai yake ya kipepeo haikukaa sawa hata siku moja. Aliwaambia Ardis na mumewe Norbert, wakiwa bado wachumba, "Barabara inawapa nini ninyi, hata muigeuzie uso? Geuzeni uso kwa jua." Wakacheka, wakakubali. Tangu hapo zilipita zaidi ya miaka sitini, na Norbert sasa alikuwa marehemu.

Mtaa mzima zamani ulikuwa wa nyumba za rika lile, za paa bapa au la mteremko mdogo. Sasa zilikuwa zinaondoka moja moja. Leo unamwona mwenye nyumba akifungasha vyombo, wiki ijayo tingatinga limekuja, na kabla majani hayajapukutika limesimama jumba lenye mapaa juu ya mapaa na gereji ya milango mitatu. Wajengaji hawakuwa watu wabaya. Mmoja alimletea Bibi Ardis mkate mtamu wa mamung'unya kuomba radhi kwa ajili ya vumbi, na mkate ulikuwa mzuri, akamrudishia sahani yake na jamu ya rasiberi juu.

Watoto wake wawili walikuwa mbali, mmoja Arizona, mwingine Oregon, na walishamwambia bila kumficha: "Mama, siku ukiondoka sisi tutauza." Hakuwakasirikia. Kila mtu ana kwake. Alichotaka ni kimoja tu, kwamba atakayenunua aikute nyumba na aiache imesimama. Na kwa hilo palikuwa na njia moja: Kamati ya Urithi ya mji iitangaze kuwa nyumba ya kulindwa. Ikishatangazwa, tingatinga haligusi. Akaomba.

Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa kamati, Bi Winifred Tate, aliyewahi kufundisha nusu ya mji kupiga piano.

"Mama Ardis, hujambo? Nina habari, lakini si nzuri sana."

"Sema tu, Winnie. Nimekaa."

"Tulipita jana kuiona nyumba yako."

"Mlipita? Mbona hamkubisha hodi? Nilikuwa nimeoka keki za limau!"

"Huwa hatushuki garini, mama. Ndiyo desturi yetu, tunapita polepole tunatazama kwa kioo cha gari. Sheria ya mji inalinda sura ya nyumba inayoonekana na mtu aliye kwenye njia ya umma. Sasa yako... tumeona ukuta. Gordon Strand kauliza tutalinda nini, matofali?"

Gordon huyo alikuwa mjumbe wa kamati, mpenzi wa nyumba za kale zenye baraza na nakshi za mbao. Kwake yeye nyumba isiyo na baraza ni kama mtu asiye na salamu.

"Basi niwafungulie mlango muingie ndani mwone."

"Ya ndani sheria haiyajui. Mwezi ujao tunakaa kuamua. Nimeona nikwambie mapema usije ukaumia mbele za watu."

Bibi Ardis akashukuru, akaweka simu. Chai yake ikapoa.

Mchana Lyle akaja kurudisha ngazi, akakuta uso umemkunjamana. Akaelezwa yote. Akajikuna kidevu.

"Dawa ipo. Tutafute winchi, tuigeuze nyumba. Kiwanda kitazame barabarani."

"Lyle, leo sina kicheko."

"Na mimi sina winchi. Lakini kweli, wewe mwanamke, nyumba gani hii? Hata mimi jirani yako sijaiona huko nyuma tangu Norbert apande ile ngome yake."

Bibi Ardis akageuka akatazama kwenye kioo. Ngome aliyoitaja Lyle ilikuwa ua wa mierezi, mizito, mirefu kupita paa, iliyosimama bega kwa bega mwisho wa bustani. Nyuma yake zamani ilipita reli. Treni ilikuwa ikipita mara chache, na dereva alikuwa akiwapungia mkono wakila. Kisha treni zikakoma, mji ukang'oa reli ukatengeneza njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Ndipo watu wakaanza kuchungulia. Mwanamke mmoja alisimama na mbwa wake akamtazama Bibi Ardis akipaka siagi mkate wote mzima. Norbert akaenda kununua miche siku iyo hiyo, akapanda kwa mikono yake. Tangu hapo Bibi Ardis aliishi ndani ya kioo bila pazia, akitembea na gauni lake la kulalia hadi saa anayoitaka mwenyewe, haonwi na mtu ila ndege. Starehe hiyo aliipenda kuliko alivyowahi kusema.

Akanyanyua simu.

"Winnie, ile njia ya baiskeli nyuma yangu ni ya nani?"

"Ya mji."

"Kwa hiyo ni njia ya umma."

"Ndiyo, mama. Lakini kutoka kule unaonekana msitu tu."

"Si msitu. Ni ua wangu."

Lyle, aliyekuwa anasikiliza bila aibu, alishusha kofia. "Ardis, usiniambie unataka kufanya ninachodhani."

"Una msumeno wa injini, huna?"

"Ninao. Ila Norbert atafufuka anikate mimi."

"Norbert alipanda ua kwa ajili ya nyumba. Hakujenga nyumba kwa ajili ya ua."

Jumamosi Lyle akaja na msumeno, miwani na glavu, akasimama mbele ya mwerezi wa kwanza kama mtu aliyeitwa kusali asijue sala. Hakuwasha. Bibi Ardis akaona hapa hakuna kitakachofanyika. Akachukua msumeno mdogo wa mkono wa kupogolea, akaanza mwenyewe tawi la chini, kru, kru, kru, machozi yakimtoka, na pua pia. Tawi likaanguka. Akajifuta kwa kiwiko.

"Haya. Wa kwanza nimeanza mimi. Akifufuka, mwambie aje kwangu."

Ndipo injini ikanguruma. Ilipofika alasiri miti yote ilikuwa chini na bustani inanuka kama kabati la mierezi la nguo za bibi arusi. Bibi Ardis alipoingia jikoni kumtengenezea Lyle kahawa alisimama mlangoni. Kulikuwa na mwanga. Kwa miaka mingi alikuwa akiwasha taa mchana akidhani ni macho yake yanazeeka, kumbe mierezi ilikuwa ikikua kidogokidogo, inamlia jua bila yeye kugundua. Sasa jua lilikuwa juu ya meza, juu ya birika, na, Mungu wangu, juu ya uchafu wa vioo. Akatafuta siki na magazeti, akaanza kufuta kioo cha kwanza kabla kahawa haijachemka.

Kamati ikaja kwa miguu siku ya kikao, kwa njia ya nyuma. Ilikuwa mara yao ya kwanza kushuka garini, na Bi Winifred alivaa viatu vya kanisani, kokoto zinamtesa. Bibi Ardis alikuwa ndani. Alikuwa ameambiwa asiwakaribishe, kwa kuwa sheria inahesabu kinachoonekana kutoka njiani tu. Basi ikabidi asimame nyuma ya kioo aonwe pamoja na nyumba, hajui mikono aiweke wapi. Mwishowe akaona huu ni upuuzi, akabeba sahani akatoka hadi mpakani.

"Keki za limau."

"Mama, hiyo si rushwa?" Bi Winifred akauliza.

"Ni limau."

Wakala. Gordon Strand hakula. Alikuwa amesimama kando, mtu mrefu mwenye mwavuli, anatazama boriti nyekundu zinavyotoka ndani zikapita kioo zikaja nje, kama vile kioo hakikuwepo. Akatembea hadi mwisho wa kiwanja, akarudi.

"Meko ile inaonekana kutoka hapa," akasema.

"Ilikusudiwa ionekane," Bibi Ardis akajibu. "Dereva wa treni aliwahi kutuambia moto wetu ndio ulimwonyesha amekaribia kituo."

Gordon akachukua keki.

Jioni katika ukumbi wa mji, viti vilikuwa vya plastiki na Lyle alikuja na tai. Wajumbe wakasema yao, wengi wakaunga mkono. Kisha Gordon akaomba nafasi.

"Mimi nakubali. Lakini mama aelewe jambo moja. Tukilinda sura inayoonekana kutoka njia ile, basi ni lazima iendelee kuonekana. Huwezi kupanda ua tena. Wala pazia, wala uzio wa mbao. Wewe, na atakayekuja baada yako, daima. Unakubali?"

Hilo Bibi Ardis hakuwa amelifikiria. Alidhani mambo yakishapita atapanda kitu kifupi, vichaka vya maua hivi, kimfike kifuani. Akaliwazia gauni lake la kulalia, na yule mwanamke wa mbwa, na mkate wa siagi. Akaona maisha yake yaliyobaki yote yako dirishani.

"Ardis," Lyle akanong'ona, "unaweza kukataa. Hakuna atakayekulaumu."

"Nyamaza, ninafikiri." Akafikiri. Kisha akasimama, akashika kiti cha mbele. "Maji nimeshayavulia nguo. Nakubali. Ila mwandike kwamba wapita njia wasinicheke."

"Hilo sheria haiwezi," akasema Gordon, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Mikono ikanyanyuliwa, yote.

Asubuhi iliyofuata Bibi Ardis aliamka akavaa nguo kamili kabla ya kwenda jikoni, na blauzi akaichomekea, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku ya kazi kwa miaka mingi. Akachemsha yai. Njiani akapita kijana anayekimbia, hakugeuka. Wakapita wazee wawili wenye fimbo, wakasimama, mmoja akanyoosha kidole kwenye boriti, wakazungumza kitambo. Halafu wakamwona.

Akawatazama. Wakamtazama. Akagonga yai kwa kijiko, akalimenya, akatia chumvi, akala bila haraka. Walipomnyanyulia kofia, naye aliwainulia kijiko, kisha akavuta kiti kingine karibu na kioo apandishe miguu juani.