Bega la Orioni

Jumatano, tarehe 12 Februari 2020, saa moja na nusu usiku. Nyota nyekundu iliyo begani mwa Orioni, kundi la nyota lenye umbo la mwindaji, haikung'aa kuliko jirani yake wa bega la pili. Maryanne aliitazama akiwa kibarazani kwake Changamwe, taa za uwanja wa ndege zikiwa nyuma ya nyumba.

Hakushangaa. Alikuwa mwalimu wa fizikia, na tangu Desemba alikuwa akiifuatilia nyota hiyo ikififia. Rangi ya nyota hueleza joto la uso wake: ya buluu ndiyo yenye joto kali, nyekundu ina joto la chini. Nyekundu kubwa kama hii imezeeka na kuvimba. Hutanuka, hunywea, hutema vumbi, na mwanga wake hupanda na kushuka. Msimu uliopita ilikaribia kulingana na Rijeli, ile ya buluu mguuni. Sasa ilikuwa imeachwa mbali.

Mumewe, Musyoka, dereva wa lori la makontena, hakuyakubali hayo upesi. Mwanzoni mwa ndoa alibisha kwamba nyekundu ndiyo moto, akitoa ushahidi wa alama nyekundu kwenye mfereji wa maji moto katika bafu la gesti moja ya Eldoret. Alishindwa, na tangu hapo wakawa na desturi yao: kila alipolala safarini msimu wa Orioni, alipiga picha ya kundi hilo kwa simu na kumtumia mkewe.

Picha ya jioni hiyo ilikuja na maneno kwamba yuko Malaba, mpakani na Uganda, foleni ni ndefu, alale salama. Begani, nyota nyekundu iling'aa karibu sawa na Rijeli.

Maryanne aliikuza, akatazama juu tena. Nyota ikififia Changamwe, imefifia na Malaba. Picha haikuwa ya jioni hiyo, wala ya mwezi huo. Lakini hilo lilithibitisha umri wa picha tu, si mahali alipo aliyeituma. Akampigia.

Alimwuliza habari za foleni, akajibiwa kwa kirefu. Kisha akamwomba picha nyingine.

"Si nimeshakutumia, mwalimu? Ama leo unasahihisha hadi nyota?"

"Hiyo ni ya zamani, Baba Mumo. Nipigie ya sasa."

Musyoka alilalamikia mawingu, akacheka, akakata simu. Picha ya pili ikaja upesi. Nyota nyekundu ilikuwa hafifu, kama ilivyopaswa. Pembeni palitokea ukingo wa paa na tangi la maji lililofungwa kwa mikanda miwili ya njano ya kufungia mizigo. Mikanda hiyo ilitoka kwenye lori la Musyoka. Aliifunga kwa mikono yake wakati wa Krismasi, juu ya nyumba ya Caroline huko Timbwani, ng'ambo ya feri tu kutoka kwao, Maryanne akiwa ameshika ngazi. Caroline ndiye aliyemsimamia Maryanne siku ya harusi.

Maryanne alikaa kwenye ngazi ya baraza. Akaipangusa simu kwa leso, akatafuta jina la rafiki yake, akapiga.

"Abee, dada. Leo wanikumbuka?"

"Nipe Musyoka."

Caroline hakuuliza Musyoka yupi. Redio iliyokuwa ikisikika nyuma yake ilizimwa. Kisha akampa simu.