Wenye Nyumba Hurudi Jioni

…na ufunguo wanao, jamani! Wakafungua, wakaingia, wakavua viatu mlangoni kama watu wanaotoka kazini, na kweli walikuwa wanatoka kazini: mama mmoja, mumewe, na bibi kizee waliyemshika mkono. Shangazi alikuwa anatundika pazia sebuleni, pini ziko mdomoni, kwa hiyo akawakaribisha kwa kichwa.

“Starehe, dada,” yule mama akasema. “Sisi tuko nyumbani.”

Ndio waliomuuzia nyumba.

Shangazi ni fundi cherehani, na maisha yake yote alikuwa mpangaji. Kila akishazoea chumba, mwenye nyumba anakuja na bei mpya, au na mwanawe anayetaka kuoa. Uchumi ulipoyumba, watu wakaacha kuleta vitambaa, wakawa wanaleta mashati ya zamani wageuziwe kola, upande uliochakaa ufichwe ndani. Kola hailishi mtu. Basi yeye na mumewe wakauza walichokuwa nacho, wakavuka mpaka, wakanunua nyumba ya vyumba vitatu na veranda kwa bei ambayo kwao ungepata jiko, tena halina paa.

“Sasa tuone,” Shangazi alisema siku ya kuingia, “nani ataniambia hama.”

Mumewe ndiye aliyewauliza wale wageni, kwa adabu, “Nyie si mlihama?”

“Tulihama, shemeji,” yule mama akajibu, anatafuta kiberiti. “Tunaishi nchi ya mbele huko, maisha nafuu zaidi. Lakini jua likizama miguu inarudi huku.”

“Miguu tu?”

“Na sisi juu yake.”

Mume wa Shangazi akasema kweli ni mwendo mrefu, akawapisha kwenye kochi. Kesho yake alimleta fundi akabadilisha kitasa. Jioni wakaingia kama kawaida, ufunguo mpya mkononi, na yule baba akamshukuru sana, kwa sababu kitasa cha zamani kilikuwa kinakwama wakati wa mvua.

Walikuwa watu wazuri, yaani huwezi kuwachukia. Walioga kwa zamu, hawakuacha maji sakafuni. Jioni moja Shangazi akiwa anaosha vyombo na yule mama, akauliza, “Lakini kwa nini mliuza nyumba nzuri namna hii?”

“Watu wa kwenu walipoanza kuja, kila kitu kikapanda. Hata mwenye duka, tuliyesoma naye, akawa anatutajia bei yenu. Tukabaki na nyumba, cha kupika ndani yake hatuna.”

“Na huko mliko?”

“Tumenunua kachumba. Ila wenyewe nao hurudi jioni, na wako wengi. Ndiyo maana sisi tunawahi kutoka.”

Shangazi akafuta sahani, akauliza iwekwe wapi. Yule mama akamwonyesha kabati lake. Kumbe siku zote alikuwa anaziweka kwenye kabati la viatu.

Alipokwenda kulala alimkuta bibi kajilaza katikati ya kitanda, mtandio kichwani.

“Bibi, hiki kitanda changu.”

“Chako, mwanangu. Chumba ndicho changu. Nimezaliwa humu.”

“Nimenunua hii nyumba ili nisihamishwe tena,” Shangazi akasema.

“Nani kakwambia hama?” bibi akauliza. “Nimekwambia sogea.”

Shangazi akasogea. Akalala ukutani, anafikiria, na kila alivyogeuza lile jambo aliona bibi hakukosea: neno hama halikuwa limetamkwa. Kulipokucha bibi alishaondoka, na upande wake wa kitanda bado ulikuwa na joto.

Akampigia simu kaka yake, yaani Baba, ambaye kiwanda chao kilikuwa kimefunga milango. Akamweleza yote, ufunguo, kitasa, kitanda. Baba akasikiliza mpaka mwisho.

“Na ile nyumba ya mkabala,” akauliza, “bado inauzwa?”

“Inauzwa. Wana haraka, mtoto wao anaumwa.”

“Basi usiwaonyeshe kwamba tunaitaka. Waambie wapunguze.”

Shangazi akasema atawaambia.

“Nao jioni watakuja wangapi?” Baba akauliza.

“Kama sita hivi.”

“Mama yenu anunue sufuria kubwa,” Baba akatuambia, simu bado iko sikioni.

Tumehamia wiki iliyopita. Walipunguza. Yule mtoto anakohoa jioni yote, hachoki, na babu yao, mcheshi huyo, ana maneno! Nitawaambia kesho alivyomwita Baba, maana sasa hivi kasimama pembeni ya kitanda, mto kwapani, ananisubiri nisogee.